Fedha ya Bibi Minza

Bibi alitoka nje mwenyewe. Watu wakisimulia habari hii hupenda kusema alikokotwa. Hakukokotwa. Alitoka kwa miguu yake, mchana, jua limesimama juu ya mawe, amekumbatia chungu chake cheusi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, na usoni alikuwa na aibu kidogo, ile aibu ya mwenye nyumba aliyekutwa na wageni kabla hajafagia. Uwanja ulikuwa umejaa. Masalu, kamanda wa walinzi wa kijiji, alikuwa mbele na rungu lake, machozi yanamtoka, sauti imeshakauka kwa kupiga kelele.

"Mtoe huyo nyoka! Mtoe tumwone!"

Bibi akakiinua kile chungu, akakigeuza upande wenye picha ili jua likipige vizuri. Michoro ikawaka. Akasema, na nilimsikia kwa sababu nilikuwa nimeshika kanga yake kwa nyuma, "Nyoka mwenyewe ndiye huyu, baba. Hana ubaya. Ni fedha tu. Fedha tupu."

Sijui niuelezeje mlio uliotoka kwa wale watu. Ulikuwa kama pumzi ya mtu mmoja mkubwa. Halafu mwanamke akapiga yowe, "Kasema mwenyewe! Nyoka wa fedha, kasema kwa mdomo wake!" Jiwe la kwanza sikuona lilikotoka. La pili lilinipata mimi, sikio la kushoto, na upande huo dunia imenyamaza mpaka leo.

Katika watu wote wale alikuwepo mmoja tu aliyejua Bibi amesema nini. Alisimama karibu na zizi, amevaa koti jipya la jinzi, mikono mfukoni. Ni Mjomba Bundala, kitinda mimba wa Bibi Minza, mtoto wa tumbo lake. Alijua. Hakufungua mdomo.

Sasa naomba nirudi nyuma, maana mtu akiishia hapa atadhani utoto wangu ulikuwa wa mawe tu. Haukuwa hivyo. Ulikuwa mzuri kiasi kwamba nikiufikiria sana naanza kuona kama nilihadithiwa.

Kinachonirudisha ni harufu. Mimi nauza chakula Kirumba, mjini Mwanza, wali na samaki, na juzi binti anayenisaidia aliishiwa sabuni akachukua majivu na nusu ya ndimu akaanza kusugua sufuria. Ile harufu ikanijia, majivu yaliyolowa na ndimu juu yake, kali kidogo, baridi kidogo. Nikageuza ndoo nikaikalia. Binti akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia endelea kusugua, usiache.

Kwetu ni upande wa Kigongo, chini ya yale mawe makubwa yaliyokaliana. Ukikaa mlangoni kwa Bibi unaona kivuko kinakwenda Busisi na kurudi, kinakwenda na kurudi, polepole kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, paa la nyasi, chumba kimoja na jiko. Mama yangu alikuwa amefariki nikiwa sijajua kutembea. Baba simjui na simtafuti. Tulikuwa mimi na Bibi, na kile chungu.

Kilikaa juu ya kigoda kwenye kona, kimefunikwa kitambaa. Kilikuwa cha shaba, lakini si shaba ile ya njano ya bangili. Hii ilikuwa nyeusi inayoelekea kwenye kahawia, kama kahawa iliyoiva sana, na nzito kuliko unavyodhani ukikiona. Tumbo la duara, miguu mitatu mifupi, masikio mawili. Na kwenye ule weusi kulikuwa na nyuzi nyembamba za rangi nyeupe, nyembamba kama unywele wa mzee, zimechorwa mawingu yanayojikunja, na katikati ya mawingu nyoka. Alikuwa nyoka wa ajabu, ana miguu, ana ndevu, macho yamemtoka kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla. Ukipitisha kidole husikii mwinuko wowote. Nyuzi zilikuwa zimezama ndani ya shaba, zikalala sawa na ngozi yake.

Siku ambazo jua la asubuhi linapiga ziwa, mwanga wa maji hupanda hadi ukutani kwetu na kucheza. Ukipita juu ya chungu, mawingu yanatembea. Naapa yanatembea. Nilikuwa nalala kifudifudi kwenye ngozi ya ng'ombe, kidevu kwenye mikono, natazama mpaka nasinzia, na ndotoni nyoka ananibeba juu ya maji mpaka Ukerewe, tunapita juu ya mitumbwi na watu hawatuoni, halafu ananirudisha kabla uji haujapoa. Bibi akija kuniamsha nilimwambia tulikokuwa. Hakunikatalia hata siku moja. Aliuliza tu, "Huko wamevua?"

Nyuzi zile zilikuwa na tabia ya kufifia. Masika, hewa ikiwa nzito, zinaingiwa na weusi, moja moja, mpaka nyoka anapotea kabisa unabaki na chungu tu. Mimi niliamini ameenda ziwani. Nilimtafuta kwenye majani ya ufukweni, na yale magugu mapya yenye maua ya zambarau yalipoanza kujaa maji yote nikajua ndiye aliyeyaleta, amejitandikia kitanda. Basi Bibi anasema, "Haya ng'wanone, mwanangu, tumwite arudi."

Kumwita ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Anachekecha majivu kwenye kitambaa mpaka yanakuwa laini kama unga wa muhogo, anakamulia ndimu. Halafu anakata kijiti cha mswaki, anakitafuna ncha mpaka kinakuwa brashi, anachovya, na anaanza kufuata uzi mmoja mmoja. Hakusugua chungu chote. Hapo ndipo alipokuwa mkali.

"Usiguse weusi! Weusi ndiyo nguo yake. Ukimvua nguo atakaaje mbele za watu?"

"Sasa nisugue wapi?"

"Tafuta mstari. Ukiupata usiuache mpaka uishe."

Nami nilikuwa nafuata. Ulimi nje, pumzi nimeibana, nafuata wingu linavyojikunja mpaka linapoingia kwenye mkia, na nyuma ya kijiti uzi unarudi, mweupe, kama njia ya konokono kwenye jiwe. Nyoka anatokea kipandekipande. Kwanza kucha, halafu ndevu, jicho mwisho kabisa. Bibi hakukubali jicho lianze. "Akiona kabla hajawa na miguu atatuonea aibu," alikuwa anasema, na kucheka mwenyewe, yale macho yake mekundu ya moshi wa kukaushia samaki yanajaa maji.

Nilimuuliza ule weupe ni nini. Akasema, "Ni fedha."

Hapa msomaji unielewe vizuri, maana kila kilichotokea kimening'inia kwenye neno hili. Kwetu zile za kununulia chumvi ziliitwa hela, au mpiya ukisema Kisukuma. Hakuna mtu nyumbani mwetu aliyeziita fedha. Fedha lilikuwa neno la kwenye chungu. Babu Maganga, mume wa Bibi, alilitoa mjini Mwanza, alikokuwa akivuvia moto kwa sonara mmoja Mhindi. Kwa sonara dhahabu ni dhahabu na fedha ni fedha, madini, kitu cha kufua bangili na pete. Babu alirudi na neno hilo likiwa safi, halijashikwashikwa, akampa mkewe, na mkewe akanipa mimi.

Redio ya jirani ilipokuwa ikitaja Waziri wa Fedha, nilifurahi sana. Nilidhani huko Dar es Salaam kuna mzee mmoja, serikali imempa kazi ya kufuata nyuzi. Nilimwona kabisa, ameketi kwenye kigoda, suti imekunjwa mikono, bakuli la majivu pembeni, kijiti mdomoni. Nilimwonea huruma, kwa sababu vyombo vya nchi nzima lazima ni vingi. Nilimwambia Bibi, akacheka mpaka akakohoa. "Basi na mimi ni waziri," akasema. "Niletee ndimu, waziri ana kazi."

Chungu chenyewe kilitoka kwa yule sonara. Babu alisimulia kwamba baba yake sonara alikipata kwa Mchina aliyekuwa mpishi wa meli, zamani sana, na kilikuwa cha zamani hata siku hiyo. Uzi mmoja uling'oka, sonara akaurudisha kwa nyundo ndogo kama kidole, Babu akiwa ameshika taa. Sonara alipochukuliwa nyumba yake na kuondoka nchini, alimwita Babu akampa. Alisema, "Maganga, hiki chukua wewe. Umekipulizia moto, ni chako." Chini ya chungu, katikati ya miguu, palikuwa na alama mbili za fedha, kama vibanda viwili vidogo vilivyojengwa kwa vijiti. Mimi nilidhani ndiko nyoka anakolala. Bibi akasema ni jina la mtu aliyekitengeneza.

"Anaitwa nani?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nimesoma?"

"Amekufa?"

"Atakuwa amekufa. Lakini si unaona bado anajibu akiitwa?" Akachovya kijiti.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Kila kitu ruksa, watu wakasema, uza utakacho, nunua utakacho. Mitumba ikaja, redio zikaja, na sangara akapanda bei kwa sababu minofu yake ilianza kupandishwa ndege kwenda Ulaya. Magari ya barafu yalikuja mpaka ufukweni kwetu. Tuliokuwa tunakula minofu tukaanza kula mapanki, ile mifupa inayobaki, na tukaambiwa hayo ndiyo maendeleo. Mjomba Bundala akawa wakala wa viwanda. Alinunua mtumbwi wa injini, akaezeka bati, akapata pikipiki na lile koti la jinzi. Alikuwa mcheshi. Anakuja kwa Bibi na biskuti, ananirusha juu, ananiita "mchumba". Nilimpenda. Naandika hivyo ili mjue sikuzaliwa na chuki.

Siku moja alikuja na mtu wa mjini, mfupi, ana miwani, ananunua vitu vya kale. Yule mtu alikigeuza chungu, akatazama vile vibanda chini, akavipitishia kidole. Halafu akamwambia Mjomba, "Hii ni fedha halisi imetiwa ndani ya shaba. Kazi ya Wachina wa zamani. Bundala, unajua una nini hapa?"

"Najua," Mjomba akasema. "Marehemu mzee alitueleza. Fedha ya sonara."

Nilikuwa nimeketi mlangoni. Niliyasikia kwa masikio yangu yote mawili, wakati huo yote yanafanya kazi. Yasahauliwe mengine yote, hilo lisisahauliwe.

Yule mtu alipotoka nje kuvuta sigara, Mjomba akachuchumaa mbele ya Bibi.

"Mama, tukiuze."

"Kina njaa?"

"Mama acha utani. Nakujengea nyumba ya bati. Mtoto huyu atasoma mpaka achoke."

"Atasoma hivyo hivyo. Baba yako hakuniachia kitu kingine cha kumkumbuka, Bundala. Hata kaburi lake maji yamelichukua. Mimi nikifa, fanyeni mnavyotaka. Sasa hivi bado naongea naye."

"Unaongea na chungu."

"Wewe si unaongea na injini? Nimekusikia."

Mjomba akacheka. Alicheka kweli, akapiga goti lake. Lakini alipoondoka hakunirusha juu.

Mtumbwi wake ulikuwa unavuja. Wavuvi walimwambia, aliziba kwa pamba na lami akasema utakwenda hivyo hivyo mpaka msimu uishe. Ukazama. Watoto wa watu wawili walikuwa ndani, mmoja akaogelea, mwingine hakuweza. Aliyebaki majini ni Shija, mtoto wa pekee wa kiume wa Masalu. Walimpata baada ya upepo kugeuka, kwenye yale magugu ya zambarau. Nakumbuka nilimwona Masalu amembeba mwanawe kutoka ufukweni bila kukubali kusaidiwa, na maua yamenasa kwenye mguu wa marehemu, na hakuna aliyethubutu kuyatoa.

Baada ya mazishi maneno yakaanza. Bundala amepata wapi bati? Amepata wapi pikipiki? Kwa nini azame Shija na si mwingine? Kwetu watu walikuwa wanaamini kuna nyoka wa kuleta mali. Mtu anamfuga ndani, kwenye chungu, anamlisha damu ya ndugu au ya mtoto wa jirani, na nyoka anatapika pesa. Nyoka wa pesa, nyoka wa fedha, wanamwita vyote. Mimi sikuwa nimewahi kusikia. Bibi hakuwa mtu wa kuongea mambo hayo.

Nilitumwa kwa Mjomba kuchukua mapanki. Nilipofika nyuma ya nyumba nikamsikia Masalu anaongea, sauti ya chini, sauti mbaya kuliko ya kelele.

"Bundala, mimi nitakuua. Nakwambia ukweli. Niambie nani amemchukua mwanangu."

Na Mjomba akamjibu, taratibu, kama mtu anayemfariji mwenzake. "Kaka Masalu, unanionea. Mimi natafuta kwa jasho. Lakini kwa kuwa ni wewe, siwezi kukuficha. Mama ana nyoka wa fedha. Nimezaliwa nimemkuta. Yuko kwenye chungu, kwenye kona. Wala usiniamini mimi, nenda kamuulize mwenyewe. Hatakataa."

Mimi pale nyuma ya ukuta nilijisikia vizuri. Nilidhani Mjomba anatusifia. Nilidhani Masalu amefiwa, ana huzuni, sasa anataka kuja kumwona nyoka wetu apumzike roho, kama ninavyopumzika mimi nikimtazama. Nilikimbia nyumbani na mapanki yanadondoka nikamwambia Bibi tunapata mgeni. Bibi akasema, "Masalu? Maskini. Basi tumsafishe vizuri." Tukachekecha majivu. Tulifuata nyuzi zote siku ile, hata zile za chini ya masikio ambazo huwa tunaziruka. Nilikuwa mtoto. Sijilaumu na sitaki mtu anipe pole ya kujilaumu. Waliokuwa na akili zao ni wengine.

Ndiyo maana alipoambiwa mtoe huyo nyoka, alimtoa. Alikuwa tayari. Alikuwa amemsafisha kwa ajili ya wageni.

"Hatakataa." Yule mtu alimjua mama yake. Alijua ataulizwa swali gani na atajibu neno gani, na alijua nusu ya kijiji watasikia neno jingine. Hakushika jiwe. Hakuwasha nyasi. Alimwazima mama yake neno akamwacha ajinyonge nalo mwenyewe.

Mama Kulwa, jirani yetu mwenye mapacha, ndiye aliyenivuta kwa mguu kutoka kwenye vumbi akanifunika na tenga la dagaa, akalikalia juu, akaanza kuchambua dagaa wake kama hakuna kinachotokea. Mtu mmoja akamuuliza, "Mjukuu yuko wapi? Hao huwa wanarithi." Akamjibu, "Mimi nimeolewa kumlinda mjukuu wa watu? Katafute huko." Nilikuwa natazama kupitia matundu ya tenga. Moshi wa paa letu ulipita chini, mzito, wa kijivu, na kulikuwa na ukimya wa ajabu kwenye sikio langu, kama nimeingizwa majini. Niliona miguu. Niliona miguu ya Mjomba ikitembea taratibu mpaka pale Bibi alipolala. Akainama. Nilidhani atambeba. Akavua koti, akafungia chungu ndani yake, akaondoka nacho kuelekea kwenye pikipiki.

Polisi walikuja kesho yake. Afande mmoja mnene aliuliza maswali, watu wakatazama ziwa. Mwisho akasema kwa sauti ameuawa na watu wasiojulikana. Mama Kulwa alinibana mkono nikae kimya. Nimenyamaza hivyo mpaka nimeota mvi. Watu wasiojulikana! Mimi nawajua. Masalu alipiga kwa rungu, na amekufa, Mungu atajua la kumfanya, mtu aliyezika mwanawe wa pekee siwezi kumdai kwa sauti kubwa. Mganga Njile alipita nyumba hadi nyumba kabla ya siku ile akisema macho mekundu ni ushahidi wa uchawi. Alihama, sijui aliko, lakini jina lake ni Njile, alikuwa na pengo mbele na alipenda ugoro. Budeba, mwenyekiti wetu wa kijiji, alifunga mlango wake akasema ana homa. Wengine walikuwa wengi, na kuna ambao nawapimia wali Kirumba, wanasema mama ongeza mchuzi, naongeza.

Mama Kulwa alinipeleka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa dada yake. Shule nikaishia pale nilipokuwa, kusoma na kuandika najua, hesabu nimejifunzia kwenye dagaa. Miaka mingi sikutaja chungu kwa mtu. Nikarudi Mwanza nimeshakuwa mtu mzima, nikapata kibarua cha kuosha mabondo kwa mama mmoja wa Kichina. Mabondo ni ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa sangara, wao wanayakausha na kuyapeleka kwao. Siku moja hakukuwa na kazi, umeme umekatika, tumekaa. Nikachovya kidole kwenye maji nikamchorea juu ya meza ya mabati. Tumbo, masikio, miguu mitatu. Halafu vile vibanda viwili, kama nilivyovikumbuka.

Aliangalia sana. "Wewe naona wapi hii?"

"Nyumbani. Ya bibi yangu."

"Hii chungu ya moshi," akasema. "Ya nukia. Weka mbele ya babu, bibi, wote nakufa. Washa. Moshi napanda, babu nasikia. Heshima kubwa." Akanyoosha mikono yote miwili, akainamisha kichwa, kunionyesha. Halafu akauliza, "Sasa iko wapi?"

Nikamwambia iliibiwa. Maji yalikuwa yanakauka mezani, na nilikaa pale nikifikiria Bibi alivyosema bado naongea naye. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa hajui hata nchi chungu kilikotoka, na alikuwa amekitumia sawasawa na watu waliokitengeneza.

Mwezi uliopita nilikwenda Misungwi kwenye msiba wa mama wa rafiki yangu. Chini ya turubai, viti vya mbele, waliwaketisha wazee wa heshima, na nikamwona. Amenenepa. Ana fimbo ya kuchonga, saa ya mkononi, suti. Alisimamishwa aseme neno la faraja, akasema vizuri, ana sauti nzuri mpaka leo. Akasema tuwaheshimu mama zetu wangali hai. Watu wakaitikia. Wanawake wakalia.

Baadaye nikajikuta mbele yake kwenye foleni ya kunawa mikono. Miguu ilinipeleka yenyewe. Nikapiga goti kama nilivyofunzwa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama, akatabasamu lile tabasamu la biskuti. "Macho yangu siku hizi. Wewe ni wa nani?"

Nyuma yangu watu walikuwa wanasukuma, maji ya kunawa yanamwagika, mtoto analia. Mtu akamshika mkono akampeleka kwenye chakula, naye akaenda bila kungoja jibu, kwa sababu kwake lilikuwa swali la adabu tu.

Basi nalijibu hapa, kwa mkono wangu, kwa Kiswahili hiki cha darasa la nne, na nitaomba asomewe kama macho yake ni mabovu kweli. Bundala mwana wa Maganga, unaonekana, unajulikana, unaketishwa mbele. Ulikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja tu mbele ya Masalu: jamani, mama anamaanisha madini, yale ya bangili. Usingepungukiwa kitu. Pengine Masalu angekugeukia wewe na mtumbwi wako mbovu, na hilo ndilo uliloogopa. Nataka usimame chini ya turubai kama lile, uso kwa uso na watu wa Kigongo waliobaki, useme ulijua, useme chungu umekipeleka wapi, na useme kwa nini ulinyamaza.

Mimi ni wa Minza. Nimekujibu. Jibu na wewe.